Muziki wa gari: anza na mlango, sabufa itasubiri

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko vidole vyangu vinavyoweza kujibu, na nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, yaani fundi nina hela hii, nataka gari ipige, ninunue nini. Nimechukua chache ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Walioniuliza bei tu watanisamehe, bei ya leo ukiiandika kwenye gazeti kesho dukani wanakucheka.

*Fundi mambo vipi. Nina IST ya 2004, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. Mkononi nina laki sita. Jamaa wa dukani Kariakoo ananiambia nichukue redio ya Android ya inchi 9, spika mbili za 6x9 zimeandikwa wati 1000 kila moja na sabufa ya inchi 12, anasema hela inatosha na ufundi ananifanyia bure. Rafiki yangu anasema napigwa. Nianzie wapi?* Kijana wa Tabata

Mdogo wangu, huyo rafiki yako mnunulie soda.

Tuanze na hizo wati 1000 maana ndo zinazowaliza wengi. Redio ya gari inakula umeme wa gari, na gari ikiwa inawaka umeme wake ni kama volti 14.4 hivi, redio haiwezi kuumba umeme ambao haupo. Sasa chukua 14.4 zidisha kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 ambazo ndo spika nyingi za gari, unapata kama 52. Umeona? Ndo ile 50W x 4 wanayoiandika usoni mwa redio. Lakini hiyo ni redio imebanwa mpaka mwisho, mawimbi ya muziki yameshakatwa vichwa, ni makelele yanayounguza spika. Muziki ukiwa bado msafi ile hesabu inashuka nusu, kama 26, toa na kinachopotea njiani unabaki na 18 mpaka 20 kwa kila spika. Kwa hiyo spika ya "wati 1000" utakuwa unailisha wati 20, ni sawa na kupika sufuria la pilau la shughuli juu ya kibatari. Na hiyo 1000 yenyewe siyo ya kweli, we geuza boksi utafute palipoandikwa RMS, yaani wati ambazo spika inazimudu kweli muda wote, mara nyingi ni kwa maandishi madogo kama ya masharti ya mkopo, utakuta 60 au 80. Kama RMS haijaandikwa kabisa rudisha boksi kwenye shelfu.

Namba ya maana kwako wewe ambaye huna amplifaya ni ile ya desibeli, inaandikwa dB na pembeni yake 1W/1m, yaani spika ikipewa wati moja na ukasimama mita moja inapiga kwa ukubwa gani. Kila desibeli 3 zikiongezeka unahitaji nusu tu ya umeme. Spika ya 92 dB kwa wati 20 inapiga sawa na ya 86 dB iliyopewa wati 80. Muuzaji hawezi kukuambia hili, wengi hawalijui, we soma mwenyewe.

Haya, sasa mlango. Wiki mbili zilizopita alikuja jamaa na IST kama yako, spika za mbele kashabadilisha kwa hela nzuri tu, analalamika hazina besi na anataka nimuuzie sabufa. Nikamwambia aweke wimbo, sauti ya kawaida, afu atoke nje abandike kiganja kwenye bati la mlango. Bati lote linatetemeka kama mgongo wa paka anayekoroma. Tukafungua kava. Ndani ya mlango wa gari kuna matundu makubwa tu ya kiwandani, yanafunikwa na nailoni ya kuzuia maji, na ile nailoni ya kwake fundi aliyepita aliichana akaiacha inaning'inia. Spika imeshikwa na skrubu mbili kati ya nne. Kati ya spika na bati kuna uwazi, nikaingiza kidole kikapita mpaka kwenye pingili ya pili.

Huo uwazi ndo ulikuwa unamla besi yake. Spika ikisukuma mbele inavuta nyuma kwa wakati huohuo, sasa sauti ya nyuma ikipata njia ya kuja mbele zinakutana zinauana, na inayokufa kwanza ni besi. Ndo maana spika ukiishika mkononi haina besi hata kama ni ya bei gani. Mlango wako unatakiwa uwe boksi, siyo chujio.

Tulichofanya ni hiki. Bati tulilifuta kwa spirit mpaka kitambaa kikatoka cheupe, tukabandika shiti za butili, mpira mzito wa kunata, zile zenye alumini usoni, tukazikandamiza na rola mpaka alama za vile vipele vyake zikapotea, tukaziba yale matundu makubwa, ila yale madogo ya chini kabisa ya mlango ya kutolea maji tukayaacha wazi, usije ukayaziba hayo, mlango utageuka ndoo na bati litaoza. Afu ringi ya kukaa kati ya spika na bati, izibe ule uwazi. Wengi wanachonga za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, siyo mbaya, lakini MDF ikinywa maji inavimba kama andazi, kwa hiyo ipake vanishi pande zote hata kwenye matundu ya skrubu, au tumia ringi ya plastiki. Siku nzima imeishia kwenye milango miwili. Jioni jamaa akaweka wimbo wake uleule wa taarab, akaurudia mara tatu, afu akaniuliza, hivi huu wimbo ulikuwa na gitaa la besi siku zote? Sabufa hakuiulizia tena.

Na kuna mafundi wanaotumia shiti za lami zile za kuzibia mabati ya nyumba kwa sababu ni rahisi. Kwa jua la Dar gari ikiegeshwa saa saba mchana ile lami inalainika na kunuka, gari linanuka kama barabara mpya. Usikubali.

Kwa hiyo laki sita yako mi ningeigawa hivi, karibu nusu iende kwa spika za mbele pamoja na kuziba milango, spika ziwe za komponenti, yaani twita, kaspika kadogo ka sauti nyembamba, peke yake na spika ya inchi 6.5 peke yake, twita uipandishe juu karibu na kona ya kioo ili mwimbaji atoke mbele yako asitokee miguuni. Spika za nyuma ziache kama zilivyo au zizime kabisa, kwenye ukumbi wa muziki hakuna anayekaa amegeuzia bendi mgongo. Inayobaki ndo redio na ufundi.

Redio ya Android siikatai, kwa ramani na kamera ya nyuma iko vizuri, lakini usiinunue ukidhani ndo sauti, nyingi za bei ya chini hela yote imeenda kwenye kioo na ndani imebaki amplifaya ya kubahatisha. Uliza ndani ina chipu gani, muuzaji anayeijua kazi yake atakutajia, mfano TDA7388 au TDA7850 ambayo ni nzuri zaidi kidogo, asiyeijua atakuambia "hii ni orijino broo". Redio ya kawaida tu yenye Bluetooth, USB, matundu ya RCA kwa nyuma, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, na sehemu ya kuchuja iliyoandikwa HPF inakutosha kabisa. Hiyo HPF iweke 80, maana yake besi nzito za chini ya hapo haziendi kwenye spika za mlango, zinapumua, na utaweza kuongeza sauti bila zenyewe kukoroma. Na pima nafasi kabla ya kulipa, redio nyingi za Toyota upana wake ni milimita 200, za kawaida za duniani ni 178, usipopata fremu yake utabaki na mianya pembeni kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kuhusu ufundi wa bure, sharti langu ni moja, asikate waya hata mmoja. Toyota ina plagi zake mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na kuna soketi za kupachika zinauzwa kwa hela ndogo tu. Fundi akitoa kisu na selotepu, mwambie unaenda kununua vocha unarudi.

Jambo la mwisho, ukiletewa gari usilipe kabla hujapima kama spika zote zinasukuma upande mmoja. Betri ndogo ya rimoti ya volti 1.5, plasi kwa plasi, negativu kwa negativu, gusisha mara moja kwenye nyaya za spika. Ikichomoza nje iko sawa, ikizama ndani nyaya zimegeuzwa. Moja ikigeuzwa na nyingine iko sawa besi inapotea yote na utalaumu spika bure.

*Shikamoo fundi. Nimetoa Passo bandarini wiki iliyopita, nzuri kweli, ila redio inaishia 90 na stesheni ninazozipenda ziko juu huko 100 na kitu. Wananiambia niweke kitu kinaitwa ekspanda. Na juzi fundi alichomoa betri sasa redio imegoma kabisa inaandika ERC. Nifanyeje?* Mama wa watoto wawili, Tanga

Marahaba dada, na hongera ya gari.

Japani FM yao inaanza 76 na kwa redio za zamani inaishia 90, sisi huku tuko kati ya 88 na 108, ndo maana haikutani. Ekspanda ni kidude kidogo kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake ni kushusha namba. Ya 14 inashusha 14, kwa hiyo stesheni ya 100 utaikuta kwenye 86. Ila piga hesabu vizuri hapo, redio ikianzia 76 na kuishia 90, ukiongeza 14 unapata 90 mpaka 104, maana yake za chini ya 90 na za juu ya 104 bado hutazipata. Kwa hiyo kabla ya kununua andika kwenye karatasi stesheni zako tatu za kila siku na namba zake, afu chagua ekspanda itakayozibeba. Na sauti yake haiwi safi kama redio iliyotengenezwa kwa masafa yetu, kuna kakelele kidogo, stesheni mbili zenye nguvu wakati mwingine zinapandana. Kama unasikiliza habari na mahubiri inatosha.

Hiyo ERC ni kufuli ya wizi ya redio za Toyota zenye ramani, ukikata umeme inaomba namba ya siri. Inafunguka, mafundi wenye programu ya kutoa namba kutokana na ile namba inayoonekana kwenye kioo wapo, siyo kazi ya kubadilisha redio wala kupasua kitu. Lakini dada mi ningekuwa wewe nisingeigharamia. Redio inaongea Kijapani, ramani yake ni ya Japani, stesheni ni nusu. Hela ya kufungua na hela ya ekspanda ukiziweka pamoja umeshafika karibu na redio ya kawaida inayoongea lugha unayoijua.

*Fundi, mi ni dereva wa Noah Morogoro. Nimefungiwa amplifaya ya chaneli nne, muziki mzuri ila nikikanyaga mafuta spika zinalia wiiii, nikiachia inashuka, nikikanyaga inapanda. Fundi aliyefunga anasema ni spika za Kichina. Kweli?* Dereva, Morogoro

Siyo kweli, spika haijui kama umekanyaga mafuta. Hiyo ni alternata, mtambo unaozalisha umeme wa gari, inaimba kwenye mfumo wako, na mlango inaoingilia mara nyingi ni elthi, yaani waya mweusi wa amplifaya.

Zima kila kitu, chomoa zile RCA nyuma ya amplifaya, washa gari na redio afu kanyaga. Wiii ikipotea, shida inatoka upande wa redio au nyaya za RCA. Ikibaki, iko kwenye amplifaya yenyewe na elthi yake. Kwenye Noah nyingi ninazofungua nakuta waya mweusi umefungwa kwenye bolti ya siti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme kaka. Ikwaruze mpaka bati ling'ae kama sarafu mpya, fungia hapo, waya uwe mfupi usizidi nusu mita na unene uwe sawa na ule mwekundu, afu paka grisi juu yake isishike kutu. Cha pili angalia waya mwekundu wa betri umepita wapi, kama umelala ubavu kwa ubavu na RCA toka mbele mpaka nyuma, hamisha mmoja upite upande wa pili wa gari. Kama unapiga muziki kwa waya wa simu huku simu inachaji kwenye kiberiti cha gari, chomoa chaji kwanza usikilize, inawezekana unamlaumu fundi kwa kosa la chaja.

Na wakati umeinama hapo naomba uniangalizie kitu kingine ambacho hujaniuliza, fyuzi kubwa iko wapi. Inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye plasi. Nakuambia kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimfungia mzee mmoja amplifaya, fyuzi nikaiweka nyuma kabisa pembeni ya amplifaya, kwangu niliona iko safi inaonekana vizuri. Pale waya unapopita kwenye tundu la ukuta wa injini sikuweka mpira. Bati likausugua waya polepole, miezi imepita, siku hiyo mzee anatoka msibani na abiria wanne anaona moshi unatoka chini ya dashibodi. Alifungua betri kwa spana ya kuazima kwa muuza matunda. Ile fyuzi niliikuta nzima kabisa, moto ulianzia kabla ya kuifikia, ingeungua gari yote yenyewe iko pale inatazama. Mzee hakunitukana, alinirudishia tu kipande cha waya kilichoungua, ninacho mpaka leo kwenye droo ya spana.

Unene wa waya nao upigie hesabu. Amplifaya ya klasi D yenye RMS 400 ya kweli inavuta kama wati 500 kwenye betri, gawanya kwa 13.8 unapata ampea 36 hivi ikiwa imekazwa. Waya namba 4 wa shaba tupu haubabaiki. Ila siku hizi waya mwingi wa bei poa ni alumini imepakwa shaba juu, wanaandika CCA, ukiukwaruza na wembe ndani ni mweupe, huo unapitisha umeme kidogo zaidi, kwa hiyo ukiwa ndo uwezo wako chukua mnene zaidi ya unaohitaji.

*Fundi sema, niko Mombasa na Probox ya teksi. Niliweka sabufa ya inchi 12 na boksi la kununua tayari, ile ya tundu. Inavuma vuuu sauti moja tu kila wimbo, abiria wanasema kichwa kinawauma, na cha kushangaza ukisimama nje nyuma ya gari ndo unaona inapiga sana. Nibadilishe sabufa?* Dereva wa teksi, Likoni

Poa sana kaka. Usibadilishe kitu bado, chukua soksi mbili safi.

Natania nusu tu. Boksi la tundu ni kama chupa unayoipuliza mdomoni, lina sauti yake moja linayoipenda, na fundi wa mbao anatakiwa alipime kwa sabufa husika ili sauti hiyo iwe chini kabisa ambako inasaidia. Maboksi ya kununua tayari yanachongwa kutosha kila sabufa, maana yake hayamtoshi yeyote, sauti linayoipenda iko juu kwenye sehemu ambayo kila wimbo unapita, ndo hiyo vuuu. Ukiziba tundu kwa soksi zilizokunjwa zikabana vizuri boksi linakuwa karibu na la kufungwa, kelele inapungua, besi inakuwa fupi na kavu, unaanza kusikia ngoma inapigwa siyo upepo unavuma. Ukipenda unavyosikia, nenda kwa fundi mbao achonge boksi lisilo na tundu kabisa, kwa sabufa nyingi za inchi 12 lita 30 hivi za ndani zinatosha, karatasi iliyokuja na sabufa ndo ina namba yake hasa.

Kabla ya fundi mbao lakini, inamia kwenye amplifaya. Nakubashiria besi busti iko mwisho. Irudishe sifuri. LPF, ile sehemu ya kuchuja inayoiachia sabufa besi tu, iweke 80, ikiwa 150 sabufa inaanza kuimba sauti za wanaume na abiria wa nyuma ndo wanapata hiyo adhabu. Geini siyo kitasa cha sauti, inaweka tu amplifaya ielewane na redio. Ishushe yote, weka redio robo tatu ya sauti yake, afu pandisha geini taratibu mpaka usikie sauti inaanza kuchafuka, rudi nyuma kidogo, acha hapo na usiiguse tena hata mteja akikuomba. Kisha kaa kwenye kiti chako, mtu abonyeze swichi ya 0 na 180, ile inayogeuza msukumo wa sabufa, chagua yenye besi nyingi ukiwa umekaa hapo mbele, hakuna kanuni nyingine.

Hiyo ya nje kupiga kuliko ndani ni mlango wa nyuma na namba ya gari, bati linapiga makofi. Kibandike shiti ya butili hicho kibati cha namba na sehemu tupu za mlango. Na kwa kuwa uko pwani, kila baada ya miezi michache fungua vichwa vya nyaya uvifute uvipake vaselini, chumvi ya huko inakula shaba mpaka inakuwa kijani.

*Fundi kati ya Bluetooth na flashi ipi ina sauti nzuri? Nyimbo zangu nazitoa YouTube nazibadilisha kuwa 320.* Mwanafunzi, Dodoma

Hiyo 320 ni kipimo cha wingi wa data ya wimbo kwa sekunde, na kubadilisha kuwa 320 hakuongezi kitu, ni kuhamisha maji ya kikombe kwenda kwenye ndoo, ndoo ni kubwa ila maji ni yaleyale. Ukiwa na faili zuri kweli, FLAC ambalo halijapunguzwa sauti au MP3 iliyotolewa kwenye CD, flashi inaishinda Bluetooth kwa tofauti ndogo ambayo kwenye spika za kiwandani huisikii. Ukiwa na MP3 za 128 zilizozunguka kwenye magrupu tangu enzi hizo, vyovyote ni sawa, na hapo twita nzuri itakuonyesha ubaya wake zaidi, matoazi yanasikika kama mtu anakaanga dagaa. Simu yako iongeze sauti mpaka mwisho au karibu, afu urekebishe kwa redio, wengi wanafanya kinyume na kuishia kukuza makelele.

*Mume wangu anafungulia muziki mnene mpaka kioo kinatetemeka na mtoto wa miaka miwili yuko siti ya nyuma. Nikimwambia anasema mtoto anapenda, analala. Tuamulie.* Mke, Mbagala

Shemeji yangu huyo ananipa kazi ngumu. Desibeli 85 mtu mzima anashauriwa asizidishe saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2, ikifika 100 ni dakika 15. Gari lenye sabufa kufika 100 siyo kazi. Sikio la mtoto ni la kuhurumiwa zaidi ya hapo, na kulala siyo dalili ya kupenda, watoto wanalala hata kwenye mwendokasi iliyojaa.

Mwambie aende kwenye sehemu ya redio iliyoandikwa feda, asogeze sauti yote mbele, spika za nyuma zinyamaze, na sabufa ina kitasa chake au swichi, aizime mtoto akiwepo. Simu nazo zina programu za bure za kupima desibeli, siyo sahihi sana ila zinatosha kumaliza ubishi, shika simu pale kichwa cha mtoto kinapokaa. Akibisha na hapo mlete dukani, namba nitamsomea mimi.

*Naweza kufunga spika za sabufa ya sebuleni kwenye gari, imekufa ila spika ni nzima?* Mvuvi, Bagamoyo

Zitalia. Lakini nyingi za nyumbani ni omu 8, kwa redio ileile ya gari zinapata nusu ya umeme ambao zingepata zikiwa omu 4, na zile za karatasi ndani ya mlango unaopitisha mvua hazimalizi masika moja. Zifanyie boksi uziweke kwenye banda la nyavu.